Dhana ya "Uncanny": Asili, Maana na Tatizo la Tafsiri

1.0 Utangulizi
Neno la Kiingereza "uncanny" hutumiwa sana katika uhakiki wa fasihi na katika saikolojia. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili huweza kushawishika kulitafsiri kuwa "-a kutisha" au "-a ajabu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hizo hazitoshelezi, kwa sababu kiini cha neno hilo si hofu wala mshangao, bali ni ujuzi uliotetereka.

2.0 Asili ya Neno
Kimofolojia, neno hili lina sehemu mbili: kiambishi cha ukanushi "un-" na kivumishi "canny", chenye asili ya Uskoti na kaskazini mwa Uingereza. Kivumishi hicho kimetokana na kitenzi "can", ambacho katika Kiingereza cha Kale kilikuwa na maana ya kujua. Mtu aliyeitwa "canny" alikuwa mjuzi, mwangalifu na asiye hatari kushughulika naye. Kinyume chake, mwishoni mwa karne ya 16, alikuwa mtu mwenye nia mbaya. Katika karne ya 18 maana ilipanuka, ikahusishwa na watu na mambo yaliyodhaniwa kuwa na nguvu zisizo za kawaida.

3.0 Kutoka Neno hadi Istilahi
Hadhi ya neno hili kama istilahi imetokana na tafsiri. Mwaka 1906 Ernst Jentsch aliieleza hali inayoitwa kwa Kijerumani "unheimlich" kuwa ni shaka, kwa mfano shaka kama kitu fulani kina uhai au hakina. Sigmund Freud, katika insha yake ya mwaka 1919, aliona maelezo hayo hayatoshi. Alibainisha kwamba "heimlich" humaanisha kilicho cha nyumbani na kilichozoeleka, lakini pia kilichofichwa. Hivyo neno na kinyume chake hukutana. Kwake, kinachotia wasiwasi ni kile kilichozoeleka zamani, kikakandamizwa, kisha kikarejea. Tafsiri ya Kiingereza ya Alix Strachey ya mwaka 1925 ilitumia "uncanny". Taswira ya nyumba ikaachia nafasi taswira ya ujuzi.

4.0 Kisawe cha Kiswahili
Anayekutana na simba njiani hutishika, na anajua kinachomtisha. Anayesikia sauti ya mama yake ikimwita kutoka nje, ilhali mama huyo ameketi kando yake, yumo katika hali nyingine kabisa: anachokijua kimegeuka kuwa kigeni. "Wasiwasi" hukaribia zaidi hali hii, kwani asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono, yaani sauti ya asiyeonekana. Hata hivyo, peke yake halibebi dhana ya mazoea yaliyogeuka ugeni. Mwaka 1933 Marie Bonaparte, alipoitafsiri insha ya Freud kwa Kifaransa, aliunganisha dhana mbili, ugeni na kutia wasiwasi. Njia hiyo yafaa hapa pia: "ugeni wa kutia wasiwasi".

5.0 Hitimisho
Istilahi hiyo ni ndefu, lakini inahifadhi tofauti ambayo "-a kutisha" huifuta. Bila tofauti hiyo, mhakiki wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za E. Kezilahabi, kazi zinazouacha uhalisia wa kawaida, ataweza kusema tu kwamba msomaji huogopa au hushangaa. Hataweza kueleza kwa nini ulimwengu anaoutambua humfanya ajione mgeni ndani yake.