Je, Wajua? Mkaguzi wa Ndege Hutahiniwa kwa Nyufa Zilizofichwa

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa angani ikitoka Hilo kwenda Honolulu, Hawaii, sehemu kubwa ya paa lake ilipong'oka. Marubani waliitua Maui. Abiria wote walinusurika, lakini mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo na hakupatikana tena. Ndege hiyo ilikuwa imesharuka karibu mara 90,000, na nyufa ndogo zilikuwa zimetambaa kutoka tundu moja la ribiti hadi jingine bila wakaguzi kuzibaini. La kusikitisha zaidi, abiria mmoja aliuona ufa wakati wa kupanda, akanyamaza.

Baada ya ajali hiyo, mwaka 1991 Marekani ilianzisha kituo maalumu katika Maabara ya Sandia, Albuquerque, chenye ndege kuukuu na mabamba yenye nyufa zinazojulikana na watahini tu. Mkaguzi anayetahiniwa hapo huhesabiwa nyufa alizoziona, alizozikosa, na hata alizodhani zipo kumbe hazipo. Kipimo hiki cha mwisho ni cha haki kabisa, maana ufa wa kudhania huweza kumfanya fundi atoboe bamba zima lisilo na kasoro.

Wakaguzi wanaotumia vifaa vya kupima nyufa hupimwa pia macho kila mwaka.