Majani Wima au Majani Yaliyolala? Swali la Kuuliza Kabla ya Kununua Mbegu ya Mahindi

Mkulima anaponunua mbegu ya mahindi huuliza bei, muda wa kukomaa na mavuno. Tunamshauri aongeze swali la nne: je, majani ya aina hii husimama au hulala?

Jani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa. Kazi hii huitwa usanisinuru. Jani lililolala hupokea jua la utosi kwa wingi kuliko linavyoweza kulitumia kikamilifu, na huyaacha majani ya chini kivulini. Jani lililosimama hupokea kiasi, na mwanga unaosalia hupenya hadi majani ya katikati, yaliyo karibu na gunzi, ambayo ndiyo hulisha punje kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo, faida hiyo huonekana pale mimea inapokaribiana. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, hutoa takriban mimea 44,400 kwa hekta. Sentimita 75 kwa 25 hutoa takriban 53,300. Aina yenye majani wima huvumilia zaidi msongamano huo wa pili, mradi mvua na mbolea zitoshe. Aina yenye majani yaliyolala ikisongamana hivyo, mimea hugombania mwanga, mashina huwa membamba na baadhi hukosa gunzi.

Kinyume chake, majani wima yakipandwa mbalimbali, jua huishia ardhini na kustawisha magugu. Hapo mkulima hulipa mara mbili: kwenye mbegu na kwenye palizi. Kwa nafasi pana, majani yaliyolala yana faida yake, kwani hufunika ardhi mapema. Anayechanganya mahindi na maharage, naye hufaidika na majani wima, kwa kuwa maharage hupata mwanga.

Kabla ya kulipa, tunakuomba:

- usome nafasi ya kupandia iliyoandikwa kwenye mfuko;
- ukumbuke kuwa kutoka sentimita 30 hadi 25 huongeza mbegu kwa moja ya tano, na gharama vilevile;
- uhakikishe mfuko una lebo ya TOSCI;
- utunze risiti na mfuko mtupu hadi mavuno, kwani ndio ushahidi wako iwapo utalazimika kulalamika.