Soko la Ngamia: Thamani Isiyoonekana Mnadani

Katika minada ya mifugo ya Moyale, Isiolo na Garissa, dalali mzoefu humpima ngamia kwa mambo manne. Meno humwambia umri, nundu humwambia hali ya malisho, kiwele humpa matumaini ya maziwa, na mwendo humwonyesha afya. Baada ya hapo bei hukatwa. Lipo jambo la tano ambalo halitajwi sana katika mapatano hayo, ingawa ndilo linaloamua kama mnunuzi atakuwa bado na mali baada ya miaka kumi. Jambo hilo ni nasaba ya mnyama, yaani tofauti za chembe za urithi zilizomo ndani ya kundi.

Suala hili linawahusu wawekezaji wadogo kwa sababu fedha zinazoingia katika ngamia zimeongezeka. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia wapatao milioni 2.97. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu wapatao milioni 4.6. Ukame wa kuanzia mwaka 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, uliwafundisha wengi kwamba ng'ombe hufa mapema na ngamia hubaki. Maziwa ya Isiolo yanasafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, na wateja wapo.

Wingi si hoja

Mfanyabiashara anayeona sensa hiyo anaweza kudhani kwamba mali haiwezi kwisha. Hata hivyo, idadi ya vichwa na aina za urithi ni vitu viwili tofauti. Ngamia elfu moja waliotokana na madume wachache wanafanana ndani, hata kama kwa nje rangi zao ni tofauti. Ugonjwa au ukame unaomshinda mmoja unaweza kuwashinda wote. Kundi lenye damu mbalimbali huwa na wanyama ambao mmoja hustahimili kiu, mwingine kupe, mwingine malisho duni. Mwenye duka anayeuza sukari peke yake anaielewa hatari hiyo bila kufundishwa.

Ngamia ana tatizo jingine ambalo kuku na mbuzi hawana: hana pori la kurudia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliopima chembe za urithi za ngamia 1,083 wa nundu moja pamoja na mifupa ya kale, ulionyesha kwamba mnyama huyu alianza kufugwa kusini-mashariki ya Bara Arabu yapata miaka 3,000 iliyopita. Ngamia-mwitu wa nundu moja walitoweka kabisa yapata miaka 2,000 iliyopita. Ngamia-mwitu waliobaki duniani ni wale wa nundu mbili wa jangwa la Gobi, na hao ni jamii nyingine. Kwa hiyo urithi wote wa ngamia wetu umo mikononi mwa wafugaji. Ukipotea, hakuna mahali pa kuuchukua tena.

Damu ya Afrika Mashariki

Utafiti huohuo ulitoa habari nyingine yenye maana kwa soko letu. Ngamia wa sehemu nyingi za dunia wamechanganyika sana, kwa kuwa misafara ya biashara iliwapeleka mbali na kuwakutanisha njiani kwa karne nyingi. Ngamia wa Afrika Mashariki ni tofauti. Jiografia na desturi za ufugaji ziliwatenga, wakabaki na damu yao.

Hapa Kenya wafugaji hutaja aina nne: Kisomali, Kirendille, Kigabbra na Kiturkana. Uchunguzi wa maabara uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta makundi mawili tu: Kisomali upande mmoja, na zile tatu nyingine pamoja upande wa pili. Makundi yote mawili yalionekana kuwa mbali na ngamia wa Arabuni na Pakistani. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: dume wa Kirendille akiingizwa katika kundi la Kigabbra ataondoa tatizo la undugu endapo ametoka mbali, lakini haleti aina mpya. Dume wa Kisomali huleta, pamoja na mwili mkubwa na maziwa zaidi. Naye ngamia wa Kiturkana, aliye mdogo na mwenye maziwa machache, hushikilia uhai pale ambapo mkubwa hukonda.

Hesabu ya dume mmoja

Hasara nyingi huanzia katika ubahili wa madume. Dume mmoja anaweza kupanda majike wengi, hivyo kikundi cha wawekezaji huona hakuna haja ya kulisha wawili. Mtaalamu wa Kimarekani Sewall Wright alionyesha mwaka 1931 jinsi ya kupima jambo hili. Zidisha madume kwa majike, zidisha jibu kwa 4, kisha gawa kwa jumla ya wanyama hao.

Kundi la dume 1 na majike 50 lina vichwa 51, lakini kwa hesabu ya urithi halifiki hata wanyama 4. Ukiongeza majike wakawa 100, bado halifiki 4. Lakini ukiwa na madume 4 kwa majike 50 walewale, hesabu inapanda hadi karibu 15. Fedha zilizonunua majike 50 wa ziada hazikuongeza chochote upande huo, ilhali madume 3 wamezidisha thamani karibu mara nne.

Mabinti wakimrudia baba yao, robo ya urithi wa ndama huwa nakala ileile kutoka pande zote mbili. Hapo kasoro zilizojificha hujitokeza: mimba hazishiki, ndama huzaliwa dhaifu, maziwa hupungua. Ubaya ni kwamba dalili huchelewa. Mimba ya ngamia huchukua yapata miezi 13, na mtamba huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 5. Kosa lililofanywa leo litaonekana baada ya miaka 6 au zaidi, wakati mtaji umekwisha kuzama.

Mbegu ya kigeni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ngamia wa Pakistani waliletwa Kenya kwa ajili ya maziwa. Huko Dubai, mwaka 2009, alizaliwa Injaz, ngamia wa kwanza duniani kuzalishwa kwa kunakili chembe za ngamia mwingine. Kuhamisha viinitete vya ngamia bingwa wa mbio kwenda kwa majike wengine ni biashara ya kawaida katika Ghuba. Njia hizi zina faida, na kuchanganya mbegu si kosa. Kosa ni kuuza majike wote wa asili ili kununua wa kigeni wanaohitaji malisho na matunzo zaidi. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa mwenye fedha zake

Kabla ya kununua hisa katika kundi la ngamia, muulize msimamizi maswali haya. Madume ni wangapi, na wametoka wapi? Je, kuna daftari linaloonyesha baba na mama wa kila ndama? Dume amekaa kundini miaka mingapi? Akipita miaka 5, mabinti zake wamefikia umri wa kupandwa, na inampasa aondoke.

Dawa yake si ghali. Kubadilishana madume na mfugaji wa mbali hugharimu usafiri na uchunguzi wa daktari wa mifugo tu. Warendille wana desturi ya siku nyingi ya kuazimana ngamia majike baina ya jamaa na marafiki, na kwa njia hiyo damu husambaa na hasara ya ukame hugawanywa. Kampuni changa zinaweza kuiga desturi hiyo kwa mkataba wa karatasi.

Msimamizi asiyeweza kutaja baba wa ndama wake anakuuzia nyama na maziwa ya leo. Mlipe bei ya leo, wala usimlipe ya miaka kumi ijayo.