Mwanagenzi Ugenini Anahitaji Kungwi

Vijana wetu hupata nafasi ya kwenda nchi za ng'ambo, si kwa kusoma darasani, bali kwa kukaa katika ofisi za watu na kujifunza kazi kwa miezi mitatu au sita. Hupewa tikiti, hupewa fedha ya kununulia koti zito, na husomewa hotuba ya kuwataka wasiliaibishe taifa. Lakini namna ya kuishi na watu wa ofisi ile hawaambiwi hata neno moja. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulisema leo.

Safari za namna hii si ngeni katika Chama. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alimteua Ndugu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, kuwa mhariri mtendaji wa magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru. Alikuwa kijana wa miaka 27. Alikwisha pata shahada ya Makerere, alikwisha soma Columbia huko New York, na alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje. Hata hivyo alipelekwa London kujifunza kazi ya gazeti katika Daily Mirror, ambalo siku hizo liliuza nakala kama milioni 5 kwa siku. Msomi wa vyuo viwili alikubali kuwa mwanagenzi. Na kazi haikumngoja: Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, ndiye aliyekuwa kitini.

Basi unyenyekevu wa kujifunza ni jambo la lazima, wala hatuna ugomvi nalo. Ila unyenyekevu wenyewe una sura mbalimbali, na hapo ndipo vijana wetu wanapojikwaa.

Mimi mwenyewe nilipata kukaa miezi mitatu katika ofisi ya gazeti moja la Ulaya. Nililelewa katika shule ya misheni huku kusini, mahali ambapo mtoto mwema ni yule anyamazaye mpaka aulizwe. Siku ya kwanza nilizunguka chumba kizima nikimpa kila mtu mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Wengine walinitazama kana kwamba nimekuja kukopa. Mkubwa wa ofisi, mzee mwenye mvi aliyelingana na baba yangu, aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulikataa. Kwa muda wa juma zima nilipanga sentensi zangu kwa hila ili nisilazimike kumwita jina lolote.

Hayo yalikuwa madogo. Lililoniumiza ni hili: niliketi mezani pangu nikingoja kupewa kazi. Kwetu mkubwa ndiye agawaye kazi, na mdogo ajitwaliaye huonekana mtovu wa adabu. Mkubwa yule naye alikuwa akiningoja mimi. Majuma mawili yakapita hivyo, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa desturi yake, kisha akaandika katika taarifa yake kwamba sina bidii. Taarifa hiyo ilitumwa nyumbani. Naliisoma kwa macho yangu, na mpaka leo naona uchungu, maana nilikuwa nafika ofisini kabla ya mfagizi.

Mtu wa nje ataona ni hadithi ya kuchekesha. Lakini taarifa kama hiyo huweza kumnyima kijana cheo, na huweza kuifunga nafasi iliyokuwa imfikie mwenzake wa mwaka ujao. Baya zaidi, kijana mwenyewe huanza kuiamini. Hurudi akidhani kwamba ameshindwa na kazi, kumbe alishindwa na desturi ambayo hakuna aliyemwonya juu yake.

Aliyeniokoa alikuwa mama mmoja mtunza majalada, mtu wa makamo, asiye na cheo kikubwa. Alinichukua wakati wa chai akaniambia waziwazi: hapa ukinyamaza watu husema huna la kusema, asubuhi nenda kwa mkubwa, mwambie unataka kazi ipi, na usipoielewa uliza siku hiyohiyo. Nilifanya hivyo nikitetemeka. Adhuhuri nilikuwa na kazi ya kunitosha siku tatu.

Nilipofikiri baadaye niliona kwamba mama yule alikuwa kungwi. Watu wa Masasi na Newala hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Katika jando letu mwari haingii kumbini peke yake. Yuko mtu mzima amsimamiaye, amwambiaye lipi ni mwiko na lipi ni wajibu, na akikosea kwa kutojua, kungwi ndiye aulizwaye kwanza. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliiona thamani ya mpango huo. Hakulitupa jando, bali aliliwekea namna ya Kikristo. Ikiwa Kanisa liliona faida yake, mbona idara zetu humwingiza kijana katika kumbi la ugenini bila kungwi?

Tunashauri kila ofisi ipelekayo mwanagenzi imtafutie wawili. Mmoja awe huku, aliyekwisha kwenda na kurudi, aketi naye jioni mbili tatu kabla ya safari. Wa pili awe kule, katika ofisi yenyewe, ajulikane kwa jina kabla ndege haijaruka. Gharama yake ni birika la chai na barua moja. Na taarifa mbaya ikifika, yaulizwe kwanza maelezo ya kijana kabla haijawekwa katika jalada lake.

Hivi karibuni alinijia kijana wa Newala kuniaga. Nilimwambia niliyoyajua: aombe kazi, aulize, asingoje kuitwa, wala asiudhike mtu akimpita mlangoni bila salamu. Alisikiliza kimya, mikono magotini, kama nilivyokuwa mimi. Mwishoni akaniuliza, "Na mkubwa wa ofisi nimwamkie vipi, mzee?" Nikamjibu amwite jina lake tu. Akainama akicheka, akasema atajaribu.