Bunduki ya Baba na Upepo wa Pangani

Nguruwe pori hawaji shambani kwetu Pangani kila usiku, kwa hiyo bunduki niliyorithi kwa marehemu baba, ya mitutu miwili, namba 12, hulala kabatini miezi. Leseni ilipohamia kwenye jina langu nilidhani kuitunza ni kuifuta tu. Kila Ijumaa niliikunja, nikaifunga, nikavuta vifyatulio vyote viwili nisikie inavyolia. Nguruwe walipovamia mihogo, mtutu wa kushoto ulikuwa bubu.

Fundi aliniwekea pini kiganjani, ncha imekatika. “Mzee wangu, umekuwa ukiigongesha hewa.” Pini hutakiwa kukuta fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, laini kiasi cha kulipokea pigo. Chemba ikiwa tupu, pigo lote linaishia kwenye chuma.

Kumbe nyundo zimo ndani, na kila nikiikunja zinarudishwa nyuma na kukazwa. Nikiiweka hivyo, springi zinabaki zimebanwa hadi msimu ujao. Zangu ni za bapa, zimepindwa kama herufi V; ikikatika moja, nyingine huchongwa kwa mkono.

Dawa ni risasi bandia: haina baruti wala marisawa, na mahali pa fataki pana kitu kinachonesa. Naingiza mbili, nafunga, navuta, nyundo zinapumzika.

Hapo ndipo ninapoogopa, maana ni kuvuta kifyatulio. Kwanza nafungua, natazama mwanga kupitia mitutu yote miwili, naingiza kidole kwenye kila chemba, hata kama nimeifungua dakika tano zilizopita. Navutia uani, mitutu ikielekea kwenye rundo la udongo, watoto wakiwa ndani. Risasi zangu halisi zina ganda jekundu la plastiki, basi bandia nimenunua za chuma cheupe. Halisi zina kisanduku chao na kufuli lao. Kabati limekazwa ukutani kwa boliti, na funguo zote natembea nazo.

Mkoba wa ngozi wa kuwekea bunduki niliuacha. Upepo wetu una chumvi, ngozi hushika unyevu, na kutu huanza palepale. Jasho la vidole nalo lina chumvi, hivyo nikishaishika naipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo. Na naisimamisha midomo ya mitutu ikiwa chini. Baba aliisimamisha kwa kitako, mbao ikawa nyeusi na laini pale inapokutana na chuma. Sasa nimetandika kitambaa kikuukuu chini yake, na nikifungua kabati nakuta vitone viwili vya mafuta ambavyo zamani mbao ilikuwa ikivinywa.