Fumbo Lenye Jibu la Siri

Kufumba si sanaa ngeni kwetu: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilibebesha neno moja maana kadhaa. Mraba wa maneno wenye jibu la siri nao hufumbuliwa mara mbili: kwanza visanduku, kisha neno lililositirika ndani yake.

Tuchukue majibu matatu: dafu, ua, asali. Mwenye pupa atajibu, "Futari!" Lakini ua, liwe la bustanini au la kuzunguka nyumba, haliliwi. Msafiri atokaye Iringa akighafilika njia panda ya Makambako huelekea Mbeya badala ya Njombe. Barabara ni nzuri, ila siyo yake. Hana budi kurudi.

Tusome herufi za mwanzo: dua.

Wazazi, tusiwasifu watoto kwa wepesi wa kujibu. Tuwaulize: je, kuna neno lililoachwa nje?