Safari ya magofu na mashimo ya maji, na funzo lake kwa sisi wenye visima



Juma lililopita kijana mmoja wa mtaani, aliyepata kazi kwenye meli ya watalii, alinifuata barazani na swali. Ratiba ya meli yao inaonyesha itafunga Progreso, nchini Mexico, naye amesikia kwamba watalii hutoka pale asubuhi kwenda kutazama magofu ya Wamaya, kisha huogelea mashimoni, na jioni wako melini. "Ami, mashimo gani hayo mtu alipe pesa aingie?"

Kazi hiyo ya melini niliifanya miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na safari hiyo niliifanya mwaka 2019, siku niliyopata ruhusa ya kutwa nzima. Nilimjibu, lakini jibu likawa refu. Nimeona heri niliweke hapa, maana mwisho wake unatuhusu sisi sote tunaoishi juu ya mawe ya pwani.

Nchi isiyo na mto

Progreso iko kaskazini mwa rasi ya Yucatán. Kitu cha kwanza kukushangaza ni gati lake, lenye urefu wa kilomita kadhaa. Limefika mbali hivyo kwa sababu bahari ya pale ina kina kifupi mno. Sakafu yake ni jiwe la chokaa lililolala bapa, na jiwe hilohilo ndilo lililobeba nchi kavu.

Ukishuka kwa gari kuelekea kusini utapita Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán, na njia nzima hutaona mto. Si kwamba mvua hakuna. Mvua inanyesha, lakini maji huzama kwenye nyufa za jiwe na kupita chini kwa chini, ndani ya mapango na mifereji. Maji ya mvua yana uchachu kidogo, nao hula chokaa polepole. Pango hupanuka miaka na miaka mpaka dari lake lishindwe kujibeba na kuporomoka. Hapo shimo hufunguka, na ndani yake mna maji matamu. Wamaya huliita dz'onot. Wahispania walipokuja wakalitamka cenote. Mimi nitaandika senote.

Senote za rasi hiyo ni maelfu, na nyingi zimejipanga kama pete. Miaka milioni 66 iliyopita kimondo kikubwa kiliipiga dunia mahali hapo, karibu na Chicxulub, jirani kabisa na Progreso. Ndicho wanasayansi wanachosema kiliangamiza dinosaria. Shimo lake, lenye upana wa kilomita kama 180, limefukiwa na halionekani kwa macho, lakini pete ya senote imefuata ukingo wake. Subhanallah, alama ya msiba wa kale imekuwa njia ya maji ya watu wa leo.

Asubuhi: mji uliokunywa chini ya ardhi

Watalii wengi hupelekwa Chichén Itzá, na si vibaya. Sisi wanane tulipakiwa kwenye gari dogo mfano wa matatu zetu, tukapelekwa Mayapán, kilomita kama 40 kusini mashariki mwa Mérida, mahali penye utulivu zaidi.

Kiongozi wetu alikuwa Mmaya wa makamo. Lugha ya kwao bado inasemwa na zaidi ya watu 700,000 katika rasi hiyo, na yeye alichukia kusikia Wamaya "walitoweka". Hakuanza na piramidi. Alitupeleka kwanza kando yake, kwenye mdomo wa senote iitwayo Ch'en Mul, akauliza: "Mji huu ulikunywa nini?" Baada ya hapo kila kitu kikaeleweka. Mji ulijengwa hapo kwa sababu maji yalikuwa hapo.

Mayapán ilistawi kuanzia karibu mwaka 1200 hadi katikati ya miaka ya 1400. Ilizungukwa na ukuta wa kilomita kama 9, na ndani yake kulikuwa na majengo kama 4,000. Piramidi yake kubwa, ya Kukulcán, ni mfano mdogo wa ile ya Chichén Itzá. Mtu wa kwetu haachi kuwaza kwamba miaka hiyohiyo Gedi yetu ilikuwa hai: msikiti, nyumba za mawe, ukuta, na visima.

Na mwisho wake? Kulikuwa na uhasama baina ya koo za watawala, Cocom na Xiu, mpaka damu ikamwagika na mji ukahamwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 umeihusisha vita hiyo na ukame wa miaka kati ya 1400 na 1450. Gedi nayo, baadhi ya wataalamu wanadhani kushuka kwa maji visimani ni moja ya sababu za watu kuhama. Mwanadamu husingizia mengi, lakini kisima kikikauka mji hauna hoja.

Adhuhuri: angalieni sahani

Kwa Waislamu wenzangu, chakula kinataka macho mawili. Fahari ya Yucatán ni cochinita pibil, nayo ni nguruwe. Iko ya kuku, pollo pibil, iliyokolezwa danzi na kufungwa majani ya mgomba, lakini mchinjaji wake humjui. Hata maharagwe usiyaamini haraka, maana mara nyingi hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Mimi nilikula mayai, parachichi na tortila za mahindi, nikashiba alhamdulillah. Kofia usisahau, kwani magofuni kivuli ni haba.

Alasiri: kushuka majini

Baada ya chakula tulikwenda mji mdogo wa Homún, ambao wakazi wake wengi huishi kwa senote. Pale unapanda tuktuk, wao huziita mototaxi, na dereva ndiye kiongozi wako. Anakupeleka senote moja hadi nyingine, na ada unailipa mlangoni kwa mwenye shamba. Beba peso taslimu.

Kabla ya kushuka, sharti uoge kwa bomba. Mafuta ya mwili, krimu ya jua, dawa ya mbu, yote uyasugue yatoke. Mmoja wetu alilalamika kwamba maji ni mengi mno kudhuriwa na mafuta ya mtu mmoja. Dereva alimjibu kwa upole: "Bwana, haya ndiyo maji ya visima vyetu." Kisha akampa sabuni.

Ngazi ni za mbao na zina mteremko mkali, shika kamba. Jaketi la kuelea hutolewa, na hata kama wewe ni mtoto wa bahari livae, kwani maji matamu hayakubebi kama ya chumvi, na kina huanza hapohapo ngazini. Mavazi ya stara hayana tatizo. Mimi niliingia na fulana na kaptula iliyopita magoti. Kina mama wachukue vazi la kuogelea la kufunika mwili, si nguo ya pamba itakayolowa ikawavuta chini.

Na ukishaingia, utasahau yote niliyoyasema. Maji yanang'aa mpaka unaona vidole vya miguu na mawe ya chini kabisa. Mizizi ya miti imeshuka kama kamba kutoka darini. Mwanga unaingia kwa tundu moja tu, na sauti ya mtu inarudi mara mbili.

Katani na nguruwe

Mashamba ya njiani yalinipa kumbukumbu ya Vipingo, na si bure. Yucatán ilitajirika kwa katani, na jina "sisal" ni la bandari yao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge iliyotokana na rasi hiyo, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kizazi cha miche hiyo ndicho kilichojaza mashamba ya ukanda wetu.

Lakini aliyoyasimulia dereva kuhusu nguruwe ndiyo yaliyonikaa. Ufugaji mkubwa wa nguruwe ulikuwa umeletwa Homún, banda la nguruwe 49,000, wengi kuliko watu wa mji huo mara kadhaa. Wakazi waliuliza: kinyesi chote hicho kitakwenda wapi, juu ya jiwe lililotoboka kama chujio? Mwaka 2017 walijipigia kura wenyewe na wengi wakakataa. Mwaka 2018 kesi ikapelekwa mahakamani kwa niaba ya watoto wa Homún, na jaji akaamuru shughuli zisimame. Mwaka 2021, nikiwa nimesharudi nyumbani, nilisoma kwamba Mahakama ya Juu ya Mexico imeliunga mkono zuio hilo.

Hoja yao ilikuwa nyepesi. Mchanga huyachuja maji. Jiwe la chokaa lenye mifereji haliyachuji, linayasafirisha tu. Ukimwaga uchafu hapa, kesho unaweza kuwa kisimani kwa jirani.

Shimo langu lisilojaa

Hapo ndipo niliponyamaza, maana nilikumbuka nyumba yangu. Nilipojenga, fundi alichimba shimo la choo kwenye matumbawe mpaka akafikia ufa, akatoka akicheka: "Hongera bwana, hili halitajaa maisha yako yote." Nami nikafurahi, nikamwongeza pesa ya soda. Hatua chache kutoka pale ni kisima alichochimba babu yangu, tulichokinywa sote.

Kumbe shimo lisilojaa si baraka. Halijai kwa sababu linavuja, na linavujia mle tunamochota. Dini yetu imetukataza hata kukojoa katika maji yaliyotuama, na mimi nilikuwa nayafanya hayo kila siku bila kujua, tena na maji ya wenzangu.

Niliporudi nililiziba. Nikajenga tangi la saruji hadi sakafuni, ambalo hunyonywa na gari likijaa. Ni gharama, sikudanganyi, na majirani walinicheka. Kisima cha babu tunafulia tu, hatukinywi. Lakini angalau mimi sikiongezei.

Kwa hiyo kijana wangu, nenda. Katazame ukuta wa Mayapán, koga kwa bomba kama ulivyoagizwa, kisha teremka ukaogelee. Na ukiwa umeelea mle ndani, tazama juu kwenye lile tundu la mwanga, ujue hapo ulipo ni ndani ya kisima cha watu. Ukirudi, muulize fundi wa kwenu shimo la nyumbani lina sakafu au halina.